San Francisco: Mji Uliobadili Jina la Msiba Wake

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili, 1906, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa San Francisco, Marekani, na moto uliofuata ukawaka kwa muda wa siku tatu. Majengo zaidi ya 28,000 yaliangamia, na katika wakazi wapatao 400,000 zaidi ya nusu walikosa makao.

Majivu hayajapoa, wakubwa wa mji walianza kushughulikia sifa yake. Mji ule uliishi kwa bandari, biashara na wageni. Kwa hiyo wafanyabiashara, pamoja na kampuni ya reli ya Southern Pacific iliyowaleta wasafiri, walishikilia kwamba msiba uitwe moto. Hila hiyo ilikuwa na hesabu ndani yake. Moto waweza kuuzukia mji wo wote, nao huzimwa. Tetemeko hubaki ardhini likingoja siku yake. Tena bima nyingi zililipa hasara ya moto, si ya tetemeko.

Jina lilipobadilishwa, idadi ya wafu nayo ilipunguzwa. Taarifa ya serikali ya mji ilitaja watu 478. Miongo mingi baadaye Gladys Hansen, mkutubi wa mji huo, alipekua kumbukumbu hata akakadiria kuwa waliokufa walipita 3,000. Miongoni mwa waliosahauliwa walikuwamo maskini na Wachina wengi.

Haifai kukana kwamba juhudi zile zilizaa matunda. Hoteli ya Fairmont, iliyoungua ikiwa karibu kukamilika, ilifunguliwa tarehe 18 Aprili, 1907, mwaka mmoja kamili baada ya msiba. Mwaka 1915 maonyesho makubwa ya kuadhimisha Mfereji wa Panama yalivuta ziara zaidi ya milioni 18. Lakini sehemu ya uwanja wa maonyesho ilikuwa maji ya ghuba yaliyofukiwa. Baadaye palijengwa nyumba za watu, mtaa ukaitwa Marina. Tarehe 17 Oktoba, 1989, tetemeko jingine lilipokuja, ardhi ile ya kufukiwa ililegea kama uji, nyumba zikaanguka, na moto ukazuka tena.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mji ulioumia una haki ya kuwaita wageni warudi, maana riziki ya wengi imo humo. Lakini mgeni hulala usiku chache akaenda zake. Waliomficha hatari walimficha pia mwenyeji, naye ndiye aliyebaki kujenga juu yake.