Asili ya Jina "Sirloin" katika Bucha za Uingereza

Katika bucha za Uingereza, "sirloin" ni nyama ya ng'ombe inayokatwa mgongoni, kuanzia mbavu za mwisho hadi karibu na nyonga, ambako misuli haifanyi kazi nzito kama ile ya miguu na shingo, na ndiyo maana nyama yake, jamaa ya ile ambayo Waswahili huiita sarara, huwa laini na huiva upesi. Jina hilo lilitokana na Kifaransa cha kale, ambamo "longe" ni nyama ya kiunoni na "sur" ni juu ya, na Waingereza waliliandika kwanza "surloin"; kwani baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, ng'ombe wa malishoni alibaki na jina la wakulima, ilhali nyama yake mezani ilipata jina la Kifaransa.

Hadithi inayopendwa zaidi, hata hivyo, husema kwamba mfalme fulani, akiwa karamuni, alifurahishwa mno na pande la nyama hiyo hata akalitunuku cheo cha "Sir", ambacho mtu hupewa kwa kuguswa begani kwa upanga. Thomas Fuller, katika kitabu chake cha historia ya kanisa cha mwaka 1655, alimtaja Henry VIII. Jonathan Swift alimtaja James I, ambaye watu wa Lancashire humhusisha na ziara yake katika kasri la Hoghton Tower, Agosti 1617. Wengine humtaja Charles II. Hadithi hiyo haiaminiki, kwa kuwa neno lilikuwa likitumika kabla James na Charles hawajazaliwa, na asili yake ya Kifaransa haimhitaji hata Henry. Lakini hadithi hiyo isiyo ya kweli ndiyo iliyobadilisha tahajia: katika karne ya 17 "sur" ilianza kuandikwa "sir", na kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikaieleza kwa kisa hichohicho. Wapishi nao waliendeleza mchezo huo wa vyeo, wakaliita "baron" pande la sirloin mbili zisizotenganishwa kwenye uti wa mgongo.

Marekani, jina hilo leo ni la nyama ya nyuma zaidi, karibu na matako, na nchini Ufaransa "surlonge" hukatwa upande wa bega. Kwa hiyo anayefuata kitabu cha mapishi aangalie kwanza kimeandikwa katika nchi gani.