Yai la Mwari na Ushahidi wa Bahari

Mvuvi wa pwani amemtazama ndege wa bahari tangu kale. Kundi la shakwe likizunguka mahali pamoja na kutumbukia majini, nahodha hugeuza usukani, kwa kuwa ajua samaki wapo chini. Elimu hiyo ni ya zamani. Lakini katika karne ya 20 ndege yule yule alipewa kazi ya pili, nayo ni kutoa habari za sumu isiyoonekana kwa macho.

Mwaka 1939 Paul Müller, mtaalamu wa Uswisi, aligundua kuwa DDT yaua wadudu. Iliokoa watu wengi na malaria na homa ya chawa, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Dawa hiyo iliyostahili shukrani ilikuwa na ila moja: haiozi upesi. Huchukuliwa na maji mpaka baharini, hukaa katika mafuta ya viumbe, na kila mlaji hurithi sumu ya aliyeliwa. Kidogo cha dagaa huwa kingi kwa samaki, na kingi cha samaki huwa msiba kwa ndege.

Msiba huo ulidhihirika katika kisiwa cha Anacapa, pwani ya California, ambako mwari wa kahawia hutaga. Kiwanda kimoja cha Los Angeles kilichofanyiza DDT kilimwaga taka zake katika mifereji ya mji iliyoishia baharini. Mwaka 1970 majaribio 552 ya kutaga yalihesabiwa kisiwani. Kifaranga kilichopatikana kilikuwa kimoja tu. Mwari hawakuacha kutaga. Kasoro ilikuwa katika ganda la yai. DDE, ambayo ni mabaki ya DDT mwilini, huzuia chokaa isifike kwenye ganda. Na mwari huatamia mayai kwa nyayo zake. Mama aliyelifunika yai ili alitie joto, alilivunja.

Lakini ni nani angejua unene wa maganda ya zamani? Ushahidi ulitoka mahali pasipotazamiwa: makabati ya makumbusho na ya watu waliokusanya mayai kwa kujifurahisha. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alilinganisha mayai ya kale na mapya ya ndege wawindaji, akaona kuwa wembamba ulianza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka uliofuata Joseph Hickey na Daniel Anderson walionyesha jambo hilo hilo huko Marekani, shakwe wakiwamo.

Marekani ilipiga marufuku matumizi karibu yote ya DDT mwaka 1972. Mwari waliongezeka tena, na mwaka 2009 wakaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Hata hivyo, sumu iliyozama ingali katika tope la bahari karibu na Los Angeles.

Mataifa mengine yalijifunza kutongoja makiwa. Katika kisiwa cha Stora Karlsö, nchini Sweden, mayai ya ndege wa bahari yamepimwa tangu miaka ya mwisho ya 1960, na vipimo vimeonyesha DDT ikipungua mwaka hata mwaka. Katika Bahari ya Kaskazini hupasuliwa matumbo ya fulmari waliokutwa wamekufa ufukoni, kwa kuwa ndege huyo hula baharini tu na humeza plastiki inayoelea. Nchi za huko zimeweka lengo kwamba katika kila fulmari 100 wasizidi 10 wenye zaidi ya gramu 0.1 ya plastiki tumboni.

Maji yaliyotekwa leo hueleza habari za leo. Yai hukusanya habari za miezi na za eneo kubwa. Lakini ndege hamtaji mkosaji, wala ushahidi wake haufahamiki pasipo kumbukumbu za kulinganisha. Kwa hiyo mwenye kuhesabu mayai mwaka wa neema, wakati hakuna anayelalamika, ndiye amwekaye shahidi tayari kwa mwaka wa dhiki.