Jimbo la Ng'ambo na Mipaka Yake

Mnamo mwezi wa Julai 1957, raia wa Sultani wa Zanzibar waliotimiza masharti ya kupiga kura, nao zama hizo wakiwa ni wanaume peke yao, walikwenda kwa mara ya kwanza katika taarikhi ya visiwa vyao kuchagua wajumbe sita wa Baraza la Kutunga Sheria, baraza ambalo tangu kuasisiwa kwake mwaka 1926 wajumbe wake wasiokuwa maofisa wa serikali walikuwa wakiteuliwa kusemea jamii zao, wala si mahali walipokaa watu. Pemba ikapewa majimbo mawili, mashamba ya Unguja mawili, na mji nao mawili, yaani Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hilo la mwisho ndilo ninalolikusudia hapa, kwani mpaka wake ulikuwa umekwisha kuthibiti nyoyoni mwa watu kabla ya ofisa yeyote kuuchora katika ramani.

Mpaka huo asili yake ni maji. Hori lililoingia kutoka baharini liliitenga rasi yenye majumba ya mawe, makao ya mabwana, mabalozi na matajiri wa biashara, na upande wa pili wake, baada ya kuvuka pale panapoitwa Darajani, vikatapakaa vibanda vya udongo na makuti vya watumwa walioachwa huru na wazao wao, wahamiaji wa bara, Wangazija, Wahadimu, na Waarabu wasiokuwa na kitu. Katika karne ya ishirini hori likafukiwa kidogo kidogo, hata ikapita barabara pale palipokuwa na maji. Ilhali tofauti ya hadhi baina ya pande mbili haikufukiwa pamoja nalo. Aghalabu mkazi wa Ng'ambo aliimiliki nyumba yake asiumiliki uwanja iliosimama juu yake, na dhuluma ya kodi ya viwanja ndiyo iliyowafanya wapangaji wagome kulipa mwaka 1928. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa siasa iliwafikia watu hawa pamoja na masanduku ya kura; huko ndiko alikokaa Siti binti Saad, na nyimbo zake ziliwasemea wanyonge miaka mingi kabla ya vyama.

Katika jimbo hili walikutana Sheikh Abeid Amani Karume, baharia wa zamani na kiongozi wa chama cha Afro-Shirazi, na Sheikh Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu (Zanzibar Nationalist Party), ambaye alikubali kupimana nguvu na hasimu wake katika ngome ya hasimu huyo. Karume alishinda kwa wingi mkubwa, na Hizbu haikupata kiti hata kimoja katika visiwa vyote.

Lakini wingi huo adhimu ndani yake mlikuwa na hasara iliyojificha, nayo ilidhihiri majimbo yalipoongezwa hata kufika 22 mwaka 1961, na Ng'ambo kukatwa vipande. Kura elfu zilizozidi Ng'ambo hazikuweza kuauni kiti kingine chochote, ilhali Chake Chake, katika uchaguzi wa Januari mwaka huo, kiti kilipatikana kwa kura moja tu! Vyama vikalingana barazani, ikaongezwa jimbo la 23, na uchaguzi wa Juni ukaandamwa na ghasia zilizoua watu 68. Mwezi wa Julai 1963, majimbo yakiwa 31, Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, ikaambulia viti 13. Hizbu ilipata 12, na Zanzibar and Pemba People's Party viti 6, navyo viwili hivyo vikashika serikali. Naona haijuzu kuyasimulia maafa yaliyofuata kwa kutaja chuki za makabila peke yake, na kuiacha mistari hii ya mipaka ambayo ndani yake wengi walipiga kura wakajiona hawakuhesabiwa.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, yakaliondoa baraza lile pamoja na majimbo yake yote. Baraza la Wawakilishi lilipoundwa mwaka 1980 halikuurithi mchoro wa zamani, na uchaguzi wa vyama vingi uliporejea mwaka 1995, wakazi wa upande ule wa mji walipiga kura katika majimbo yenye majina ya mitaa yao, kama Kikwajuni, Kwahani na Jang'ombe.