Nyumba na Safari: Lugha ya Bao kutoka Pwani hadi Mloka

Waandishi wa Ulaya walioeleza michezo ya jamii ya bao wamependa mfano wa mkulima: mchezaji hutwaa mbegu shimoni, akazipanda moja moja. Mfano huo wafaa kueleza mwendo wa mkono. Lakini istilahi za Kiswahili zilizo mashuhuri zaidi si za shamba, na tofauti hiyo yastahili kuchunguzwa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni: 6 katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizosalia huziingiza moja moja katika awamu ya namua. Zikiisha, huanza mtaji. Kinachomshangaza aliyezoea dama au sataranji ni kwamba kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Mlaji huzigawa upande wake kuanzia kichwani, na ya mwisho ikikuta kete shimoni, na mkabala wake kuna za mwenziwe, hula tena. Hivyo zamu moja yaweza kugeuza bao zima. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala.

Mtihani mkubwa ni nyumba. Wakati wa namua, mlaji anayeifikia nyumba yake ambayo haijavunjwa ana hiari ya kulala au kusafiri. Akilala, amehifadhi akiba, lakini adui aweza kuila yote mara moja. Akisafiri, ameibomoa nyumba kwa kutumaini faida.

Nyumba, safari, mtaji: hiyo ni lugha ya mfanyabiashara kuliko ya mkulima. Wasukuma wana isolo na Waganda wana omweso, wote mbali na bahari. Kwa hiyo si lazima kudhani kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa pwani. Yaelekea zaidi kwamba pwani iliupa majina ya maisha yake.

Ndipo Mloka, kijiji cha ukingo wa kaskazini wa Mto Rufiji, kinapokuwa na maana. Rufiji ilikuwa njia ya kuelekea pwani, na pia shamba: wakulima wa bonde walipanda mlau maji ya mafuriko yalipopwa, wakalinda mazao yao katika madungu. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wengi kutoka bondeni. Maisha ya dungu yalipobadilika, maneno yake yalikosa mahali pa kusemwa. Bao halina taabu hiyo, kwani mashimo huchimbwa hata mchangani.

Mtafiti atakayefika Mloka asiishie kuandika kanuni. Na awaulize wazee mchezaji anaposonga huitwa anafanya nini: anasafiri, au anapanda? Jibu lao litaonyesha ni upande upi wa mto uliowafundisha, na wanaoweza kulijibu wanapungua kila mwaka.