Dashibodi na Kibao cha Geji: Majina Mawili kwa Vitu Viwili

Neno dashibodi linabeba vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwa dereva, dashibodi ni ubao wote ulio mbele yake kutoka mlango hadi mlango: redio, matundu ya upepo, kisanduku cha makaratasi, hata mahali ulipojificha mfuko wa hewa wa abiria. Kwa fundi umeme wa magari, mara nyingi dashibodi ni kile kifaa kimoja kilichoko nyuma ya usukani, chenye mshale wa spidi, mshale wa mafuta, mshale wa joto na taa za onyo. Mtu akisema dashibodi ya gari lake imekufa, msikilizaji hajui kama plastiki imepasuka kwa jua, redio haiwaki au mishale yote imelala. Ninachotetea hapa ni kwamba kifaa hicho cha pili kinastahili jina lake chenyewe, na jina ninalolipendekeza ni kibao cha geji. Utata wa neno hili una gharama. Anayetengeneza gari lake nyumbani bila jina la kutenganisha chombo kinachoonyesha na chombo kinachopima, mara nyingi huanza kwa kufungua kitu kisicho na kosa, na wakati mwingine hukiharibu.

Neno dashibodi lenyewe halikuzaliwa na geji yoyote. Katika Kiingereza cha karne ya 19 lilitaja ubao uliowekwa mbele ya gari la farasi ili kuzuia matope na mawe yaliyorushwa na kwato. Magari ya injini yalipokuja, ubao ulibaki, na vipimo vikaanza kupachikwa juu yake kimoja kimoja. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya spidomita ya sumaku, ambayo ndani yake sumaku huzungushwa na kebo nyembamba, nayo huvuta kikombe cha metali nyepesi kinachozuiwa na springi ndogo. Baadaye vipimo vilikusanywa pamoja ndani ya sanduku moja lenye kioo, linaloweza kung'olewa lote kwa skrubu chache. Kifaa kipya kikawa kimezaliwa juu ya kifaa cha zamani, na Kiswahili kilipokopa neno kiliwachukua mama na mtoto kwa jina moja.

Tuangalie jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, maana hoja yangu inasimama hapo. Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985 na ambalo bado linatembea katika barabara nyingi za Afrika Mashariki, ni mfano safi kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho. Geji yake ya mafuta na geji yake ya joto ni bapa za metali mbili zilizogandamana ambazo hupinda zikipata moto wa umeme. Umeme huo hautoki kwenye betri moja kwa moja. Hupitia kidhibiti volti kidogo nyuma ya kibao, kinachoushusha hadi wastani wa volti 10 ili mshale usipande na kushuka kadiri alteneta inavyochaji. Kutoka hapo umeme hupita ndani ya geji, hufuata waya hadi kwenye tenki au kwenye injini, kisha hurudi kwenye bodi ya gari kupitia chombo chenye ukinzani unaobadilika. Mshale basi hauonyeshi mafuta. Unaonyesha kiasi cha mkondo unaopita katika njia yote hiyo. Mahali popote njia hiyo inapoharibika, mshale utadanganya, na kibao kitalaumiwa kwa sababu uongo umetokea usoni pake.

Ndiyo maana uchunguzi mzuri hauanzi na bisibisi. Unaanza na swali: ni geji ngapi zimekosea? Kama geji ya mafuta na geji ya joto za Land Rover hiyo zimepanda pamoja kupita kiasi, haiwezekani kirahisi kwamba tenki na injini zimeharibika siku moja. Kosa limo katika kile zinachoshirikiana, yaani kidhibiti volti au ethi yake, kwa kuwa kidhibiti hicho hutegemea kugusana vizuri na chuma cha gari. Kama zote mbili zimelala sifuri, tazama fyuzi, kisha kidhibiti hichohicho. Lakini kama ni geji moja tu iliyokosea, shuka chini ufuate njia yake. Chomoa waya kwenye sensa ya joto, swichi ikiwa imewashwa: mshale unatakiwa ubaki upande wa baridi. Ugusishe waya huo kwenye chuma cha injini kwa muda mfupi, ukipitishia balbu ndogo ili geji isiungue: mshale unatakiwa upande. Ukipanda, kibao ni kizima na waya ni mzima, sensa ndiyo mbovu. Usipopanda, kosa liko kati ya waya na geji. Dakika chache na waya mmoja vimetenganisha pande mbili za mfumo, na gari halijafunguliwa hata skrubu moja ya ndani. Waswahili husema mjumbe hauawi. Kibao cha geji ni mjumbe, na hukumu ya kwanza isimwangukie yeye.

Hapa ndipo istilahi inapokuwa chombo cha kazi. Neno geji katika maduka ya vipuri huweza kumaanisha mshale ulioko ndani, na huweza kumaanisha pia mkono wenye boya ulioko ndani ya tenki. Vitu hivi viwili viko kwenye ncha mbili za waya mmoja na havibadilishani kazi. Katika magari mengi ya Toyota chombo cha tenki hutoa ukinzani wa takriban omu 3 tenki likijaa na takriban omu 110 likiwa tupu, na kinachochakaa zaidi ni utepe ambao mkono wa boya huusugua kila mafuta yanapocheza. Mtu anayekwenda dukani kuomba geji ya mafuta bila kueleza zaidi anaweza kurudi na kitu kizima cha kubadilisha kitu kizima, huku kibovu kikiendelea kuogelea ndani ya tenki. Kwa hiyo neno kibao cha geji halifanyi kazi peke yake. Likikubaliwa, linaiweka geji mahali pake, juu ya kibao, na kuliachia tenki na injini neno sensa, ambalo mafundi wanalo tayari. Kwa sensa ya tenki wapo wanaosema boya tu, na hilo nalo linatosha, maana hakuna atakayelitafuta nyuma ya usukani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mjumbe naye huugua, na ni kweli. Mfano unaojulikana sana ni wa magari ya General Motors ya Marekani ya kati ya 2003 na 2006, kama Chevrolet Silverado, Tahoe na GMC Sierra. Ndani ya kibao chao kila mshale una kimota chake kidogo kinachosogea kwa hatua, na vimota hivyo vilikufa kwa wingi kiasi kwamba kampuni iliongeza dhamana ya kibao kwa baadhi ya magari hayo hadi miaka 7 au maili 70,000. Mshale wa spidi ulikwama kwenye 80 gari likiwa limesimama, au ulizunguka ukapita sifuri. Huko kosa lilikuwa ndani ya kibao kwelikweli. Wenye magari wengi walinunua vimota vipya na kuvilehemu wenyewe mezani: kutia alama mahali mshale unapolala, kuuchomoa taratibu bila kuupinda, kunyonya risasi ya zamani kwenye miguu minne ya kimota, kupachika kipya, kurudisha mshale kwenye sifuri, kisha kulinganisha spidi na ya simu yenye GPS. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Lakini angalia jinsi kosa hilo linavyothibitishwa. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani tangu modeli ya 1996 lina soketi ya kupimia kompyuta chini ya usukani. Ukichomeka kifaa cha kusoma na kikakuonyesha joto la injini ni digrii 90 wakati mshale umelala kwenye baridi, umejua kwamba sensa imesema kweli, kompyuta imesikia, na anayekosea ni wa mwisho katika mlolongo. Mfano huu hauivunji hoja ya kutenganisha majina, unaithibitisha. Asingeweza kufikia uamuzi huo mtu ambaye kichwani mwake sensa na geji ni kitu kimoja kinachoitwa dashibodi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la taa ya betri. Nimesema kibao ni mjumbe, lakini katika magari mengi ya zamani mkondo mdogo unaoiamsha alteneta hupitia balbu ya taa hiyo. Balbu ikiungua, alteneta inaweza kukataa kuchaji injini inapowashwa, ingawa yenyewe haina kasoro. Mjumbe hapa ni sehemu ya ujumbe. Nakubali, na nadhani ni moja ya mambo yanayofundisha zaidi katika somo hili zima. Dawa yake ni tabia moja rahisi: washa swichi bila kuwasha injini, na uhakikishe kila taa ya onyo inawaka kabla ya kuzimika. Taa isiyowaka hapo haikupi habari njema, imenyamaza. Kwa hiyo anayeziba taa kwa utepe mweusi au kung'oa balbu ili gari liuzike anamnyang'anya mnunuzi onyo, na katika gari la namna hii anaweza pia kumwachia betri itakayokufa njiani. Taa nyekundu ya oili nayo isipimwe kwa subira: injini izimwe kwanza, kijiti cha oili kitazamwe, na ndipo mtu aulize kama swichi ya presha imekufa au waya wake umegusa chuma.

Sasa maneno yenyewe. Wapo watakaosema mafundi wanaelewana bila neno jipya. Wanaelewana kwa sababu wamesimama mbele ya gari na kidole kinamalizia sentensi. Kidole hakiendi kwenye simu, wala kwenye oda ya vipuri vilivyotumika, wala kwenye kitabu cha chuo cha ufundi. Wengine watauliza kwa nini nisitumie kipimo badala ya geji, hasa kwa kuwa utaratibu uliozoeleka wa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, wa kuunda istilahi hutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, kabla ya kukopa. Utaratibu huo ni mzuri, ila kipimo ni neno lenye kazi nyingi mno: ni kiasi, ni kitendo, ni kifaa, ni majibu ya hospitali. Kipimo cha mafuta kinaweza kuwa kopo la lita moja. Mita nayo ni urefu, ni umeme wa nyumbani, ni maji ya bomba. Geji imekwisha kuingia, na kila gereji ina geji ya upepo wa matairi. Kibao ni chetu tangu zamani, kina udogo unaohitajika mbele ya ubao mkubwa wa dashibodi, na kinakubali wingi bila taabu: vibao vya geji. Wanaosema kwamba magari mapya yana skrini badala ya mishale wamesahau kwamba skrini hizo mara nyingi huchora mishale ileile, na kwamba neno dashibodi limedumu zaidi ya karne bila kwato wala matope.

Kuna mpaka ambao fundi wa nyumbani asiuvuke. Kabla ya kugusa chochote karibu na usukani wenye mfuko wa hewa, waya wa hasi wa betri uchomolewe na mtu asubiri angalau sekunde 90, muda ambao vitabu vya Toyota huutaja. Kibao kilichonunuliwa kutoka gari jingine huja na kilomita zake, na katika Volkswagen nyingi tangu miaka ya 1990 huja pia na ulinzi wa funguo, hivyo injini hukataa kuwaka mpaka kifundishwe. Kurudisha nyuma kilomita ni wizi, hata kama kibao kimebadilishwa kwa sababu halali. Sheria ya Marekani inataka odomita isiyoweza kuonyesha hesabu ya zamani ianzishwe sifuri na tangazo la maandishi libandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto. Hata pasipo na sheria kama hiyo, mwenye gari anaweza kuandika tarehe ya kubadilisha na kilomita za kibao cha zamani kwenye kitabu cha matengenezo.

Ombi langu ni kwa wanaoandika vitabu vya ufundi, kwa wenye maduka ya vipuri na kwa wanaotunga faharasa: andikeni dashibodi mnapotaja ubao, kibao cha geji mnapotaja kifaa cha nyuma ya usukani, na sensa mnapotaja kinachopima kule mbali. Na kwa mwenye gari ambaye mshale wake umelala leo, hesabu kwanza ni geji ngapi zimelala, uangalie fyuzi na ethi, kisha uchomoe waya wa sensa kabla ya kuchukua bisibisi.