Jedwali la Excel na siri zinazojificha ndani yake

MNAMO Agosti 8, 2023, polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la raia aliyetaka kujua idadi ya maafisa katika kila cheo. Jibu lilikuwa jedwali la Excel, nalo likawekwa kwenye tovuti inayoshughulikia maombi ya aina hiyo. Waliolikagua kabla halijatumwa waliona takwimu zilizoombwa na wakaridhika. Ndani ya faili hiyo hiyo, hata hivyo, mlikuwa na ukurasa mwingine uliofichwa, wenye majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina mengine, vyeo na vituo vya kazi vya watu 9,483: maafisa pamoja na wafanyakazi wa kiraia.

Jedwali lilikaa hadharani kwa saa chache tu, lakini zilitosha. Mkuu wa polisi alikiri baadaye kwamba habari hizo zilikuwa zimefikia makundi yenye silaha yanayopinga utawala wa Uingereza. Katika eneo hilo wapo maafisa wanaowaficha hata majirani kazi wanayofanya. Mnamo 2024 ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa data iliitoza idara hiyo faini ya pauni 750,000.

Hakuna mdukuzi aliyehusika. Yote yalitokana na programu ambayo huenda wewe, msomaji, uliifungua ofisini leo asubuhi.

Jedwali la tarakilishi, ambalo baadhi ya wataalamu huliita lahajedwali, lilienea kuanzia 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston walipotoa VisiCalc kwa watumiaji wa tarakilishi ya Apple II. Bricklin alikuwa mwanafunzi wa masomo ya biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na shabaha yake ilikuwa kumwondolea mtu adha ya kufuta na kuandika upya hesabu nzima kila tarakimu moja inapobadilika. Lotus 1-2-3 ilifuata 1983, na Excel ikatolewa 1985, kwanza kwa tarakilishi za Macintosh. Katika kanda yetu, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, ikiwa na jedwali la hesabu lenye maagizo ya Kiswahili, bila malipo. Programu za bure za aina hiyo zingalipo, kwa hivyo kisingizio cha kutumia nakala ya wizi kwa sababu leseni ni ghali hakina mashiko. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazilinda programu za tarakilishi kama inavyovilinda vitabu.

Kuficha si kufuta

Excel humruhusu mtumiaji kuficha safu, ama kurasa nzima, ili kazi iwe nadhifu machoni. Hilo ni pazia tu. Yeyote anayepokea faili anaweza kulifunua kwa kubofya mara mbili au tatu. Nywila inayowekwa kuzuia ukurasa usibadilishwe nayo haikukusudiwa kulinda siri. Microsoft yenyewe huwatahadharisha wateja wake kuhusu jambo hilo. Nywila inayofaa kwa siri ni ile inayozuia faili yote isifunguliwe, nayo hutumwa kwa njia tofauti na faili.

Mtego unaowanasa hata wazoefu ni jedwali la muhtasari, lile linalokusanya maelfu ya rekodi na kuonyesha jumla peke yake. Chukua mfano wa hospitali inayotaka kumpa mtafiti idadi ya wagonjwa kwa kila wadi. Karani anatengeneza muhtasari, anafuta ukurasa wenye majina, kisha anatuma. Muhtasari ule huwa umehifadhi nakala ya rekodi zote ndani yake. Mtafiti akibofya mara mbili kwenye tarakimu ya wadi fulani, ukurasa mpya unaweza kufunguka ukiwa na wagonjwa wa wadi hiyo, mmoja baada ya mwingine. Vivyo hivyo, chati iliyonakiliwa kutoka Excel na kubandikwa katika ripoti ya Word inaweza kubeba jedwali zima lililoizaa.

Word nayo ina ulimi mrefu. Februari 2003, serikali ya Uingereza ilichapisha waraka kuhusu silaha za Iraq. Glen Rangwala, mhadhiri wa Cambridge, aligundua kuwa sehemu kubwa ilinakiliwa kutoka kwa makala ya mtafiti Ibrahim al-Marashi, bila jina lake kutajwa. Faili ya Word iliyowekwa mtandaoni ilikuwa pia imehifadhi majina ya maafisa walioishughulikia. Sisi wa dawati la uhariri hupokea taarifa ambazo mwandishi hakuondoa marekebisho ya mkubwa wake. Mara nyingine yaliyofutwa huwa na uzito kuliko yaliyobakizwa.

Njia ya salama ni kufungua faili mpya, kisha kubandika humo thamani tu za visanduku vinavyohitajika, bila fomula wala muhtasari. Kuhifadhi jedwali kwa muundo wa CSV huacha nje kurasa nyingine, lakini tahadhari: safu zilizofichwa kwenye ukurasa ulio wazi huenda pamoja na nyingine. Tangu 2007 programu za Office zina pia kifaa cha kukagua faili na kuorodhesha yaliyojificha. Hukumaliza dakika moja kukitumia.

Hesabu ionekane

Kuna upande wa pili, ambapo uadilifu hudai kinyume: kwamba njia ya hesabu isifichwe. Mnamo 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha utafiti kuhusu deni la serikali na ukuaji wa uchumi, nao ukanukuliwa na wanasiasa waliotaka matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, alijaribu kuyapata matokeo hayo, akashindwa, akaomba jedwali lenyewe. Reinhart alimtumia. Kwa kubofya kisanduku cha wastani, Herndon aliona kwamba fomula iliishia njiani na kuziacha nchi tano. Pamoja na kasoro nyingine alizodai yeye na walimu wake, wastani wa ukuaji kwa nchi zenye deni kubwa ulitoka asilimia 0.1 chini ya sufuri hadi asilimia 2.2. Kosa hilo lilijulikana 2013 kwa sababu faili ilitolewa ikiwa na fomula zake. Laiti zingetumwa tarakimu kavu, labda lingalikuwapo hadi leo.

Kwa hivyo mwajiriwa mwaminifu huficha watu na kuonyesha hesabu. Mazoea ya ofisi nyingi ni kinyume: orodha ya walioomba basari huzungushwa kwa WhatsApp ikiwa na nambari za vitambulisho na simu za wazazi, ilhali jedwali la bajeti hufika kwa wanaolijadili likiwa jumla tupu, zilizochapwa kwa mkono, zisizoonyesha zilikotoka.

Kwa Wakenya jambo hili lina uzito wa kisheria pande zote mbili. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa mwananchi haki ya kuomba takwimu za serikali, sawa na aliyewaandikia polisi wa Ireland Kaskazini. Kifungu cha 31 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humlinda mtu ambaye jina lake limo ndani ya takwimu hizo.

Faili ikishatumwa kimakosa, kujaribu kuirejesha barua pepe husaidia kidogo, kwani aliyeipokea huenda ameshaihifadhi. Habari za watu zikifikia wasiostahili na kukawa na hatari ya kweli kwao, sheria hiyo ya 2019 humtaka mwenye dhamana ya data kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu, na kuwaarifu wahusika wenyewe. Karani aliyegundua kosa lake Ijumaa jioni na kulinyamazia hadi Jumatatu huwa amekula sehemu kubwa ya muda wa mwajiri wake.