Kuchagua povu la kuzuia joto kwa bodi kuukuu ya gari la samaki

Wasafirishaji wa samaki na maziwa wanaonunua bodi za baridi za mitumba mara nyingi hulazimika kubadilisha povu lililochoka kati ya bati la nje na la ndani. Dukani wengi huuliza bei ya karatasi moja. Swali lenye fedha ndani yake ni jingine: kilo ngapi za barafu zitayeyuka njiani?

Chukua bodi ya urefu wa mita 6, upana na kimo mita 2.2. Nje ni nyuzi 30, ndani ni sifuri. Ikiwa na polistireni nyeupe ya vijichembe (ile ya kufungashia televisheni) yenye unene wa milimita 50, joto linalopenya huyeyusha kama kilo 350 za barafu kwa saa 24. Polistireni iliyokandamizwa, ambayo ni ngumu na aghalabu ina rangi ya buluu au waridi, ni kama kilo 320. Poliyurethani ni kama kilo 240. Hapo mlango haujafunguliwa, wala jua la foleni ya mpakani halijahesabiwa.

Hata hivyo povu jeupe si la kutupa. Likiongezwa unene hadi milimita 75 linaifikia poliyurethani ya milimita 50, ila ukiongeza unene huo kwa ndani unapoteza kama mita za ujazo 1.5 za nafasi ya mzigo. Mwenye safari fupi na mzigo mdogo anaweza kuvumilia hilo. Anayevuka mipaka miwili na gari limejaa, hesabu haimlipi.

Sakafuni weka polistireni iliyokandamizwa, kwa kuwa inabeba uzito na hainywi maji kwa urahisi. Maji ndiyo adui mkubwa: hupitisha joto zaidi ya mara 15 kuliko povu kavu. Tena yana uzito. Yakijaza sehemu 10 kwa 100 ya povu la bodi hiyo, umebeba takriban kilo 300 zisizo na mnunuzi, na mzani wa barabarani unazihesabu.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa kufuata maelekezo ya nchi za baridi. Huko, katika nyumba na karavani, karatasi ya kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani kwa sababu ndiko kwenye joto. Gari la samaki ni kinyume: mvuke hutoka nje kwenye joto kuelekea ndani kwenye baridi. Kizuizi kikae upande wa nje wa povu, na kila tundu la ribiti lizibwe. Bati la ndani nalo lizuie maji ya kuoshea.

Gundi nayo ichunguzwe. Petroli, thina na rezini ya faibaglasi hula polistireni za aina zote mbili. Poliyurethani hustahimili zaidi. Kazi ya kuchomelea imalizike kabla povu halijaingia, maana mapovu haya huwaka na moshi wake ni sumu. Poliyurethani ya kunyunyiza inataka fundi mwenye barakoa maalumu ya kemikali. Kitambaa puani hakitoshi.

Kwa bodi iliyotoka Ulaya, tafuta herufi za buluu ubavuni, kama FRC au FNA, zinazotolewa chini ya makubaliano ya ATP ya mwaka 1970. Herufi ya pili ndiyo ya kuta: R ni kizuia joto kizito, kisichopitisha zaidi ya wati 0.40 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. N ni hadi 0.70. Chini yake kuna mwezi na mwaka wa cheti kuisha. Bodi mpya hupewa miaka 6. Tarehe ikiwa imepita zamani, herufi hizo zinaeleza bodi ilivyokuwa kiwandani tu. Gonga kuta, kanyaga sakafu, kisha toboa tundu dogo pembeni chini, ambako maji hukusanyika. Povu likitoka na unyevu, bei ishuke au uondoke.